Meli ya Shehena ya Kichele Edmund Fitzgerald: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa Tanga, na umetokana na maswali ambayo mimi, niliyekuwa karani wa tali, yaani mhesabu mizigo, bandarini kwa miaka mingi, nimekuwa nikiulizwa na vijana wanaosomea ubaharia pamoja na wazee wenzangu tunaokaa nao barazani Ngamiani. Wengi wao wamesikia kisa cha kuzama kwa meli hii lakini hawajapata kuitazama meli yenyewe kwa vipimo vyake, ilhali kwa maoni yangu vipimo ndivyo vinavyoeleza kisa. Saa zote zimetajwa kwa hesabu ya Kiswahili. Vipimo vimetolewa kwa futi, kama vilivyokuwa kwenye michoro ya wajenzi, kisha kwa mita.

Edmund Fitzgerald ilikuwa meli ya aina gani?

Ilikuwa meli ya Marekani ya kubeba shehena ya kichele katika Maziwa Makuu ya Marekani ya Kaskazini, ambayo msomaji asiyachanganye na Maziwa Makuu ya kwetu. Maziwa yale ni matano, yako mpakani mwa Marekani na Kanada, nayo yameunganishwa kwa mito na mifereji hata meli inaweza kutoka ziwa la juu kabisa, Superior, ikashuka mpaka Bahari ya Atlantiki. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na sisi. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapitishwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, kwa sababu hakuna njia ya maji kutoka Bahari ya Hindi kwenda Ziwa Tanganyika. Edmund Fitzgerald ilijengwa ikiwa nzima kando ya maji yaleyale iliyokuja kuyafanyia kazi.

Shehena ya kichele ni nini, na meli hii ilibeba kichele gani?

Kichele ni mzigo unaomiminwa ngamani, yaani tumboni mwa meli panapokaa shehena, bila gunia, pipa wala sanduku: nafaka, makaa ya mawe, klinka ya saruji, mbolea, mawe ya madini. Mzigo wa aina hii hauhesabiwi kwa idadi, hupimwa kwa uzito, na karani wa tali asiyeufahamu hujikuta na daftari tupu siku nzima.

Edmund Fitzgerald ilibeba hasa takonaiti, mwamba wa Minnesota wenye chuma kidogo, takriban asilimia 25 hadi 30. Mwamba huo husagwa kuwa unga, chuma hunaswa kwa sumaku, unga huo wa chuma hukandwa pamoja na udongo wa mfinyanzi wa aina ya bentonaiti, kisha huviringishwa na kuokwa kuwa vidonge vyenye ukubwa wa gololi za watoto. Vikishaokwa, chuma ndani yake hufikia takriban asilimia 65. Vidonge hivyo ni vizito, ni vigumu, na vina matundu madogo yanayoweza kunywa maji. Sifa hii ya mwisho si ya kupuuzwa, na tutairudia.

Vipimo vyake vilikuwa vipi?

Urefu wake ulikuwa futi 729, yaani mita 222. Upana ulikuwa futi 75, yaani mita 23, na kimo cha ubavu kutoka mkukuni, yaani uti wa chini wa meli, hadi sitahani kilikuwa futi 39, yaani karibu mita 12. Tani za jumla zilizosajiliwa, ambazo ni kipimo cha nafasi ya ndani na si cha uzito, zilikuwa 13,632. Uwezo wake wa kubeba ulikuwa tani ndefu 26,000, na tani ndefu moja ni kilo 1,016. Kwa anayeifahamu Liemba, yenye urefu wa mita 71 hivi, afikirie Liemba tatu zimepangwa tezi (nyuma) ya moja ikigusa omo (mbele) ya nyingine, na bado zitapungua mita chache kuifikia meli hii.

Ngama yake ilikuwa na vyumba vitatu, na juu yake kulikuwa na milango 21 iliyopangwa mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Chumba cha usukani kilikuwa omoni kabisa, na injini zilikuwa tezini kabisa, kati yao pakiwa na sitaha tupu iliyojaa vifuniko. Hali ya hewa ikichafuka, mabaharia hawakulazimika kupita juu ya sitaha, kwani chini yake, kushoto na kulia, kulikuwa na vichochoro viwili vilivyounganisha mbele na nyuma.

Kwa nini ilikuwa ndefu na nyembamba kiasi hicho?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloifungua meli nzima. Ukigawa urefu kwa upana, utapata karibu 10, hali meli nyingi za kichele za baharini hazizidi 6 au 7. Mjenzi wa meli ya bahari huanza na mawimbi. Mjenzi wa meli ya maziwa yale alianza na mlango.

Maziwa hayako kimo kimoja. Kati ya Ziwa Superior na maziwa ya chini yake, huko Sault Ste. Marie, maji huporomoka kwa takriban mita 6.4, kwa hiyo meli huingizwa katika chumba cha zege chenye milango mbele na nyuma, maji hupunguzwa au kuongezwa, na meli hushuka au kupanda ikiwa imetulia kama ndoo kisimani. Mfumo wa vyumba vya namna hiyo kwenye Mto St. Lawrence, uliofunguliwa mwaka 1959, ulikubali wakati huo meli isiyozidi futi 730 kwa urefu na futi 75 kwa upana. Edmund Fitzgerald ilichorwa kabla ya mfumo huo kufunguliwa, na ilichorwa kwa kuutazamia: futi 729 kwa futi 75. Mwenye meli alijibakizia futi moja.

Kwa kuwa upana ulikuwa na kikomo na kina cha mito kilikuwa na kikomo, mahali pekee pa kuongeza tani palikuwa urefuni. Ndipo ikatokea meli iliyofanana na mtumbwi mrefu wa chuma, wenye ubavu ulionyooka wima na tumbo bapa.

Ilijengwa wapi, na jina lilitoka wapi?

Ilijengwa na karakana ya Great Lakes Engineering Works, River Rouge, jimbo la Michigan, na mkuku wake ulilazwa tarehe 7 Agosti 1957. Mwenye meli hakuwa kampuni ya meli bali kampuni ya bima ya maisha, Northwestern Mutual, iliyotaka kuwekeza fedha zake katika biashara ya chuma, kisha ikaikodisha kwa kampuni ya Oglebay Norton, ambayo kitengo chake cha Columbia ndicho kilichoiendesha. Jina lilikuwa la mkuu wa kampuni hiyo ya bima, bwana aliyetoka katika ukoo wa watu wa maji: babu yake alikuwa nahodha wa maziwani.

Ni kweli kwamba siku ya kushushwa majini kulikuwa na mikosi?

Yaliyotokea ni kweli. Kama ni mikosi, kila mtu na imani yake. Tarehe 7 Juni 1958 walikusanyika watu zaidi ya 15,000. Mke wa bwana Fitzgerald alipewa chupa ya shampeni aivunje omoni, ikavunjika mara ya tatu. Mafundi wakachukua dakika 36 wakihangaika kuziondoa gogo zilizoishikilia meli. Hatimaye iliposhuka, ilishuka kwa ubavu, kama ilivyo desturi ya karakana zenye mto mwembamba, ikazusha wimbi lililowalowesha watazamaji, ikagonga gati, ndipo ikatulia. Mtazamaji mmoja alifariki kwa mshtuko wa moyo.

Wazee wa pwani yetu, ambao hawashushi jahazi bila kisomo na ubani, wakisikia habari hii hutikisa vichwa. Mimi huwakumbusha kwamba baada ya siku hiyo meli ilifanya kazi miaka 17 na kuvunja rekodi nyingi.

Injini na mwendo wake ulikuwaje?

Iliendeshwa na turbaini ya mvuke ya Westinghouse yenye nguvu za farasi 7,500, ikizungusha rafadha moja, yaani pangaboi la kuisukuma meli, yenye kipenyo cha futi 19.5, yaani karibu mita 6. Mwendo wake ulifikia noti 14 hivi, sawa na kilomita 26 kwa saa. Mwanzoni moto wa matangi ya mvuke uliwashwa kwa makaa ya mawe, na katika mapumziko ya majira ya baridi ya 1971 na 1972, maji ya maziwa yanapoganda na meli hufungwa gatini, mitambo ilibadilishwa itumie mafuta. Mwaka 1969 ilikuwa imekwisha kuongezewa rafadha ndogo ya omoni ya kuisaidia kugeuka mahali pembamba.

Milango ya ngama ilifungwaje?

Kila mlango ulikuwa na upana wa futi 48 na futi 11 kwa upande wa urefu wa meli, na ulifunikwa kwa bamba moja la chuma lenye unene wa sehemu 5 kati ya 16 za inchi, yaani milimita 8 hivi. Bamba moja lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 6, hivyo lilinyanyuliwa kwa winchi iliyotembea juu ya reli mbili za sitahani. Kuzunguka kila kifuniko kulikuwa na vibanio 68, na kila kibanio kilikazwa kwa mkono. Zidisha 68 kwa 21: ni vibanio 1,428. Baharia aliyemaliza kupakia alasiri, upepo ukivuma na bosi akiangalia saa, alikuwa na vibanio 1,428 mbele yake.

Nitaje kitu nilichokiona kwa macho yangu, kwani bila hicho hesabu hii hubaki hesabu. Zamani, kabla gati la Tanga halijachimbwa kina, meli kubwa zilitia nanga nje ghubani na mzigo ukashushwa kwa matishari, yaani mashua bapa za mizigo. Usiku mmoja wa kusi nilikuwa zamu katika meli iliyoleta mbolea. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, aliamuru milango ifunikwe, nasi sote tuliona imefunikwa. Lakini kifuniko kimoja kilikuwa kimelazwa tu bila kukazwa, kwa sababu makuli wangerudi alfajiri na hakuna aliyetaka kufunga na kufungua tena. Mvua ikanyesha kabla ya adhana ya alfajiri. Asubuhi nilitia mkono ngamani nikatoa kitu kama uji, na msimamizi akaniambia niandike mzigo umepokelewa ukiwa mkavu. Sikuandika, na ugomvi wake ulinigharimu zamu za mwezi mzima. Tangu hapo, nikisoma kwamba mlango wa ngama ulikuwa umefungwa, swali langu huwa moja: ulikazwa na nani?

Mabaharia waliishi vipi humo?

Vizuri kuliko ilivyozoeleka kwa meli za mzigo. Fanicha na mapambo yalisanifiwa na duka kubwa la J. L. Hudson la Detroit. Palikuwa na mazulia mazito, mabafu ya vigae, na vyumba viwili vya wageni wa kampuni vilivyokuwa na sebule yenye viti vya ngozi. Vipoza hewa vilifikishwa hata vyumbani mwa mabaharia wa kawaida. Nahodha mmoja wa awali, Peter Pulcer, alijulikana kwa kupiga muziki kwa vipaza sauti meli ilipopita mitoni karibu na nyumba za watu, na huko Sault Ste. Marie alitoka na kipaza sauti cha mkononi akawasimulia watalii habari za meli yake.

Ilifanya kazi gani katika miaka hiyo 17?

Safari yake ya kawaida ilikuwa kutoka Silver Bay, Minnesota, kwenda kwenye viwanda vya chuma vya Detroit na Toledo na kurudi, kwa muda wa siku tano hivi, wastani wa safari 47 kwa msimu mmoja. Ilipozinduliwa ilikuwa meli kubwa kuliko zote katika maziwa hayo, sifa iliyoishikilia hadi mwaka 1959. Iliweka rekodi za shehena ya msimu mara sita, mara nyingi ikivunja rekodi yake yenyewe, na mwaka 1969 ilibeba tani ndefu 27,402 katika safari moja. Ajali ndogo hazikukosekana: ilikwama chini mwaka 1969, iligongana na meli Hochelaga mwaka 1970, ikakwaruza kuta za vyumba vya maji zaidi ya mara moja, na mwaka 1974 ikapoteza nanga katika Mto Detroit. Nanga hiyo iliopolewa baadaye na sasa imewekwa kwenye jumba la makumbusho la Dossin mjini Detroit.

Ziwa linawezaje kuizamisha meli kubwa namna hiyo?

Muulizaji wa swali hili mara nyingi ni mtu wa pwani, na huuliza kwa dharau kidogo, kana kwamba ziwa ni dimbwi. Watu wa Mwanza na Bukoba, waliozika ndugu zao baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, hawaulizi hivyo.

Ziwa Superior lina eneo la kilomita za mraba 82,100, kwa hiyo linalishinda Ziwa Viktoria lenye takriban 68,800, na kina chake kinafikia mita 406. Mwezi Novemba maji yake bado yana joto la kiangazi, huku hewa ya baridi kali ikishuka kutoka kaskazini na kukutana na hewa ya joto na unyevu itokayo kusini. Hapo huzaliwa dhoruba ambazo sisi tuliozoea kusi na kaskazi, pepo zenye ratiba, hatuna mfano wake. Mawimbi ya ziwani, tena, hufuatana kwa karibu na kusimama wima zaidi kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu, na meli ndefu haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine.

Ilikuwaje tarehe 9 na 10 Novemba 1975?

Meli iliondoka mji wa Superior, jimbo la Wisconsin, tarehe 9 saa 8:15 mchana, ikiwa na tani ndefu 26,116 za vidonge vya takonaiti. Kwa malori yetu ya tani 30, hayo ni malori yapata 885. Ilikuwa ikielekea Zug Island, karibu na Detroit. Nahodha alikuwa Ernest McSorley, mzee wa miaka 63 aliyeishika meli hiyo tangu 1972. Nyuma yake ilifuata meli nyingine ya kichele, Arthur M. Anderson, chini ya nahodha Bernie Cooper, nao wawili wakawa wakizungumza kwa redio.

Saa 1 usiku idara ya hali ya hewa ilitoa onyo la upepo mkali, na saa 8 usiku onyo likapandishwa kuwa la dhoruba. Manahodha wote wawili walichagua njia ya kaskazini ili wajikinge na pwani ya Kanada. Uamuzi huo ulikuwa wa busara mpaka upepo ulipogeuka na kuvuma kutoka kaskazini magharibi, ukayasukuma mawimbi kwa umbali mrefu wa maji matupu mpaka yakawafikia.

Saa 9:30 alasiri ya tarehe 10, baada ya kupita karibu na Kisiwa cha Caribou, McSorley alieleza kwamba uzio wa sitaha umelala, mabomba mawili ya hewa yamepotea au kuharibika, meli imeinama upande, na pampu zinafanya kazi. Saa 10:10 akaeleza kwamba rada zake zote mbili zimekufa, akaomba Anderson imwongoze. Mnara wa Whitefish Point, ambao ndio angeutazamia, ulikuwa umezimika taa na kifaa chake cha redio. Upepo uliopimwa na Anderson ulifikia noti 58, na mawimbi futi 25, yaani karibu mita 8. Cooper alieleza kwamba mengine yalifika futi 35.

Saa 1:10 usiku Anderson iliuliza wanaendeleaje na matatizo yao. Jibu lilikuwa fupi, na kwa Kiswahili ningelitafsiri hivi: “Tunajimudu.” Baada ya dakika kama kumi, alama yao haikuonekana tena kwenye rada. Walikuwa watu 29, mdogo wao akiwa na miaka 20. Hakuna aliyeokoka na hakuna mwili uliopatikana.

Kwa nini hawakuita msaada?

Hakuna wito wowote uliosikika, na mashua za kuokolea zilizopatikana zilikuwa zimeharibika bila dalili ya kutumiwa. Hilo lenyewe ni ushahidi kwamba meli haikuzama polepole. Mtu anayeshika redio kuzungumza habari za kawaida hakosi sekunde tano za kutaja hatari, kama sekunde hizo anazo.

Chanzo cha kuzama ni nini?

Wahenga wetu walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nadharia ni nyingi, nazo zote hatimaye hurejea hapo.

Walinzi wa Pwani wa Marekani, katika ripoti ya Julai 1977, walihitimisha kwamba maji yaliingia ngamani polepole kupitia milango isiyofungwa barabara. Picha za chini ya maji zilionyesha vibanio vingi vikiwa vizima, na hoja yao ilikuwa nyepesi kuifuata: kibanio kilichokazwa kingepinda au kuvunjika kifuniko kiliponyofolewa, kwa hiyo vilivyo vizima havikuwa vimekazwa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya nchi hiyo, katika ripoti ya Mei 1978, ilisema kifuniko kimoja au zaidi kilibonyea kwa uzito wa mawimbi na maji yakafurika ghafla. Chama cha wenye meli za maziwani hakikukubali lawama ya milango; kilishikilia kwamba meli iliparuza mwamba wa chini karibu na Kisiwa cha Caribou, ambako upimaji wa Kanada wa mwaka 1976 ulionyesha kwamba kina kifupi kimeenea mashariki zaidi ya ramani zilizotumika.

Mimi si mchunguzi, lakini nimeishi na ngama. Kuna mambo matatu ambayo pande zote zinayakubali, na kwangu ndiyo mazito. La kwanza, viambaza vilivyotenga vyumba vitatu vya ngama havikuzuia maji, hivyo maji yakiingia chumba kimoja yamekwisha kuingia vyote. La pili, hapakuwa na chombo cha kumjulisha nahodha kama ngama ina maji au la, na vidonge vyenye kunywa maji vingeweza kuficha kiasi kikubwa chini ya rundo. La tatu, sheria ilikuwa imeruhusu meli ipakiwe zaidi katika miaka ya 1969, 1971 na 1973, jumla ya futi 3 na inchi 3 na robo, karibu mita moja kamili ya ubavu iliyotolewa kwa ajili ya tani. Usiku ule sitaha yake ilikuwa na kimo cha mita 3.5 tu juu ya maji yaliyotulia, na maji hayakuwa yametulia.

Je, meli ya namna hii ingeweza kufunga gati Tanga?

Kwa vipimo, ndiyo. Gati la Tanga baada ya maboresho lina urefu wa mita 450 na kina cha mita 13, kwa hiyo meli ya mita 222 ingelala hapo bila kuhitaji tishari hata moja. Hata hivyo mafundi wangepaswa kuzoea jambo ambalo kule halipo: kupwa na kujaa. Ziwa halina maji bamvua, na meli iliyofungwa gatini huko hukaa kimo kilekile, isipokuwa pale inapozidi kudidimia kwa mzigo. Pia ingeelea juu zaidi kidogo kwetu, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kwa asilimia 2 na nusu hivi kuliko maji baridi.

Kufika ndiko kungekuwa na shida. Haikujengwa kwa ajili ya bahari kuu, na mwili wake wa chuma, uliozoea maji yasiyo na chumvi, ungeanza kuliwa na kutu. Meli za maziwani huishi miaka 60, 70 na zaidi kwa sababu hiyo, ilhali za baharini nyingi huishia kukatwa chuma chakavu kabla ya kufika nusu ya umri huo.

Nini kilibadilika baada ya ajali?

Mavazi ya kujiokolea yanayokinga baridi yakawa lazima, pamoja na vyombo vya kupimia kina na vifaa vya redio vinavyotangaza vyenyewe mahali meli ilipozamia. Ukaguzi wa milango na mabomba ya hewa ukawa unafanywa kabla ya dhoruba za Novemba.

Mabaki yako wapi, na kuna ruhusa ya kuyafikia?

Ndege ya jeshi la majini la Marekani iliyobeba kifaa cha kunusa sumaku iliyagundua tarehe 14 Novemba 1975, yakiwa upande wa Kanada, maili 17 hivi kutoka Ghuba ya Whitefish, kwenye kina cha futi 530, yaani mita 160. Meli ilikatika vipande viwili: omo imekaa wima, tezi imepinduka juu chini, na sehemu ya katikati imesambaratika kati yao pamoja na vidonge vya mzigo. Kuyazamia kunahitaji kibali cha serikali ya jimbo la Ontario, kwani familia zinapahesabu kuwa kaburi.

Kitu kimoja kikubwa kiliondolewa kwa ridhaa yao. Tarehe 4 Julai 1995 kengele ya meli ilitolewa, na mahali pake pakawekwa nyingine iliyochorwa majina ya wale 29. Ya asili iko katika jumba la makumbusho la Whitefish Point.

Arthur M. Anderson iliishia wapi?

Ilifika salama Ghuba ya Whitefish usiku uleule, kisha Walinzi wa Pwani wakaiomba irudi ziwani kutafuta, kwa kuwa hawakuwa na chombo kikubwa karibu. Cooper alirudi katika dhoruba ileile, na meli yake ndiyo iliyoziona mashua za kuokolea zilizovunjika. Ilijengwa mwaka 1952 ikiwa na futi 647. Miezi michache kabla ya ajali ilikuwa imekatwa katikati na kuongezwa futi 120, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafungiwa mkono wa ukanda wa kujishushia mzigo bila kreni ya bandari. Baada ya kufungwa gatini kwa muda, ilirudi kazini mwaka 2019. Urefu wake ni futi 767, mita 234 hivi, nayo bado hubeba takonaiti kwa njia ileile.